Bega la Mfinyanzi

Katikati ya upasuaji, skrini ya kamera iliyoingizwa begani iligeuka nyekundu ghafla. Daktari Nasra hakuona tena kitu ndani ya bega la Bi Mgeni, mfinyanzi aliyetiwa ganzi begani tu, akabaki macho.

"Mbona mmenyamaza?" Bi Mgeni aliuliza, sauti ikitetemeka.

"Presha inapanda," daktari wa usingizi alinong'ona. "Hofu yake ndiyo inayozidisha kuvuja kwa damu."

Nasra akikata bila kuona, mkono ule huenda usifinyange tena. Akasimamisha vifaa, akajikaza.

"Mama, chungu huanzia wapi?"

"Kitakoni, mwanangu." Bi Mgeni akashusha pumzi. "Huna haraka nacho..."

Akaendelea kueleza, na presha ikaanza kushuka. Taratibu, maji yaliyopitishwa begani yakaosha wekundu, na kwenye skrini ukatokea mshipa mdogo, ukitoa uzi mwembamba wa damu uliopeperuka majini. Sasa Nasra aliona pa kuziba.