Binti wa Bibi Khamnoi

Ukimwondoa Bibi Khamnoi, kutembelewa na watoto hakukuwasaidia wazee hata kidogo.

Kanlaya alimwondoa tena kwenye kompyuta, akamrudisha, akatazama. Modeli yake ya takwimu ilipima mambo yanayowafanya wazee wa vijiji vya Phrae, kaskazini mwa Thailand, wabaki na nguvu: umri, kipato, dawa, ziara za watoto. Kila jambo lilipata kizidishi chake, namba ya kuonyesha uzito wake, na kila kizidishi kilipaswa kupita mtihani mmoja: je, namba kubwa hivi ingeweza kujitokeza kwa bahati tu? Bibi akiwemo, kizidishi cha ziara kilipita, kwa shida. Asipokuwemo, kilianguka.

Waliotembelewa walikuwa wachache mno, maana vijana wote wako Bangkok. Na kati ya hao wachache hakuna aliyekuwa imara kama Bibi Khamnoi, ambaye alijibu kwamba binti yake huja kila mwezi. Tangu utafiti uanze alikuwa ameacha hata mkongojo.

"Hiyo si takwimu, Kanlaya," alisema Mwalimu Wirot, msimamizi wake. "Hiyo ni meza ya mguu mmoja. Nenda ukamwone huyo binti yake kwa macho yako. Yupo, natia sahihi ripoti. Hayupo, tunamfuta bibi."

Kanlaya alijua uzito wa neno hilo. Mkoa ungelipa watu wa kuwatembelea wazee wapweke ikiwa tu ripoti ingeonyesha kwamba ziara zinasaidia. Yeye aliamini zinasaidia. Sikukuu ya maji, wenzake wote wanaporudi kwao, aliipitisha ofisini na tambi za kikombe. Tangu mama yake afariki, hakuwa na nyumba ya kurudi.

Asubuhi alipanda pikipiki kwenda kijijini. Kwa kawaida alikwenda na maswali yake kila mwanzo wa mwezi, ila mwezi ule alikuwa hajafika bado. Karibu na nyumba ya bibi alimkuta jirani akipalilia vitunguu, akamuuliza habari za binti. Mama yule akacheka. Yeye hushinda shambani, hajawahi kumwona, ila sifa zake amezisikia kwa bibi mpaka masikio yamechoka: kasoma, hana makuu, na hajaolewa kwa sababu wanaume wa mjini hawana macho.

"Ukimpata, niazime hata siku moja," alisema. "Wangu simu tu hapokei."

Bibi Khamnoi alikuwa barazani, akipepea wali wa kunata uliotoka kwenye mvuke. Alifurahi kumwona, wala hakuuliza kilichomleta. Kanlaya naye hakuthubutu kuuliza. Kumtaka mzee athibitishe neno lake ni kumvunjia heshima. Alisema tu kwamba leo hana maswali, angependa kukaa kidogo. Bibi akamwambia mtu haombi ruhusa ya kukaa.

Mkekani palikuwa na samaki wawili wa kuchoma na mabakuli mawili.

Kanlaya akahesabu tena. Kuna mtu anatarajiwa. Akajisogeza pembeni ili asikalie nafasi ya mwenyewe, akaikazia macho barabara. Ilipita baiskeli. Ukapita mkokoteni wa muuza barafu. Wali ukaanza kupoa na bibi hakugusa chochote, anatabasamu tu. Kanlaya akaona haya kumwacha mzee na njaa.

"Bibi," alisema taratibu, "labda tuanze bila yeye."

"Bila nani?" Bibi Khamnoi akamsogezea bakuli la pili. "Kula, mwanangu. Mwezi huu umechelewa."