Chetezo Kisicho na Moshi

"Shangazi, duka letu la mtandaoni linakufa. Nani atanunua udi asiouona ukifuka?" Tatu alilalamika.

"Niko edani, manukato si yangu sasa. Piga picha hivyo hivyo," alijibu Bi Mwanakheri.

Wakaweka picha ya chetezo kitupu, wakaeleza kwamba mwenye duka hafukizi mpaka amalize eda ya kufiwa na mumewe. Hakuna aliyenunua, ila kila siku watu waliuliza zimebaki siku ngapi, wakaitana.

Siku ya kutoka eda, Tatu akaelekeza simu kwenye chetezo, akarusha mubashara. Watazamaji mia tisa!

"Lo! Wamefuata nini, na harufu haipiti kwenye simu?"

"Wewe fukiza tu, shangazi."

Akapiga bismillahi, akadondosha udi juu ya kaa la moto, akainama. Miezi minne na siku kumi hakuisikia harufu ile. Moshi ukaanza kupanda, mwembamba kama uzi, na ujumbe wa kwanza wa kuagiza udi ukaingia.