Mnyoo wa Adelgunda

"Tema," Felicitas alimwambia mganga.

Adelgunda akatema mate kwenye majivu. Hamna kitu. Felicitas akamkagua kucha, akampekua hadi makwapani, akamnawisha mikono mara mbili. Tena mbele ya mama mkwe! Adabu alikuwa nayo, ila siku hiyo aliiweka kando. Mnyoo ukitoka jichoni mwa Komujuni, mtoto wa mumewe, yeye ndiye atakayeitwa mchawi na kurudishwa kwao Rugu kabla jua halijazama.

Wiki mbili sasa jicho la mtoto lilikuwa jekundu, halikauki machozi. "Kuna kitu kinatembea," alilalamika. Kutwa alishinda na ndama, nao macho yaliwachuruzika, yamejaa inzi. Lakini bibi yake, mzee Placidia, alikwisha kuamua.

"Mama wa kambo, na jicho la mtoto wa marehemu," alisema. "Hata kipofu ataona." Akavua rozari yake, akaificha chini ya mkeka, ndipo akatuma mganga aitwe.

Mwaka ule wa 1936 sifa za Adelgunda zilienea Kaisho nzima. Hakuna jicho aliloliosha likakosa mnyoo. Hata moja! Hilo ndilo lililomkera Felicitas. Mwindaji gani huyo asiyerudi mikono mitupu hata siku moja?

"Umemaliza, mke wa Yustasi?" Adelgunda aliuliza, akijifuta jasho kwa ncha ya kilemba chake. "Au nivue na ngozi?"

Akamlaza mtoto mapajani, bakuli la mti chini ya shavu, akaanza kumimina maji ya dawa jichoni. Felicitas aliikodolea macho mikono ile. Mkono wa kulia uliinuka kwenda kufuta jasho tena. Ukaishia njiani.

"Yesu wangu!" Placidia alipiga kelele.

Ndani ya bakuli kitu cheupe, chembamba kama uzi, kilikuwa kikijikunja na kujikunjua.

"Funga mzigo wako," Placidia alimwambia mkwewe. Alisema kwa upole, na hapo Felicitas akaogopa kweli.

Kisha akakumbuka. Kilemba! Kinywa, kucha, makwapa, vyote alivipekua, kilemba hakukigusa. Alimrukia mganga, akakivuta. Kipande cha jani la mgomba kikaanguka sakafuni, kikafunguka. Ndani yake mlikuwa na uzi mweupe wa mgomba, umesokotwa, umelowekwa, umepakwa masizi nchani uonekane una kichwa.

"Haya! Njia ya mwongo fupi! Mnyoo wake huu hapa, mama, tazama!" Felicitas alicheka huku analia.

Placidia alitazama. Akaketi chini, akapapasa chini ya mkeka kutafuta rozari yake.

Adelgunda hakutazama sakafuni. Alikuwa amerudi kinyumenyume hadi mlangoni, kichwa wazi, macho yake kwenye bakuli.

"Wangu ni huo hapo chini," alisema. "Huyo anayeogelea simjui."