Besi ya Upande wa Pili

Miaka hiyo, kila aliyetimiza miaka hamsini alihamishiwa mji mwingine na kupewa kazi mpya, wala hapakuwa na kukataa. Nakijwa, mwalimu kutoka Upareni, alipelekwa pwani ya kusini kutunza mitambo ya kusafisha maji ya chumvi. Asubuhi ya kwanza aliamka katika nyumba ngeni, hajui hata swichi ya taa iko wapi.

Akapiga magoti. "Bwana, kila kitu kimebadilika. Usibadilike na wewe." Kisha, bila kupanga, akaanza kuimba wimbo wa sifa wa kwao.

Ng'ambo ya ukuta, mwanamume akaitikia kwa besi nzito. Nakijwa akacheka mpaka machozi, akafungua dirisha.

"Bwana asifiwe, jirani!"

"Ameni, mama! Karibu sana. Mimi Eliamani."

"Umeshauzoea mji?"

"Mji bado. Ila Yeye nilimkuta amekwishafika."

Gari la serikali likasimama barabarani, likamshusha mama mmoja aliyekumbatia begi, macho yamemtoka. Nyuma ya vioo vya gari nyuso nyingine zilisubiri.

Nakijwa alitoka mbio, pekupeku, akiimba, kwenda kumpokea mzigo.