Kila Jumatatu, Saa Nne

Jenereta ilitoa mlio mmoja, tk, ikanyamaza.

"Tena!" mwalimu alifoka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha jenereta, ndala miguuni, shati limefungwa kombo. Nyumba yake ilikuwa nyuma tu ya ukuta wa hospitali. Asubuhi mkewe alikuja kujifungua kwa miguu yake mwenyewe, akitania kwamba mtoto ana haraka kama baba yake. Umeme ulikatika akiwa tayari amepasuliwa tumbo kwenye chumba cha upasuaji.

Fundi alizungusha ufunguo. Tk.

"Betri imekufa."

Wakachukua ya gari la wagonjwa. Safari hii injini ilizunguka, ikakohoa moshi, ikazima. Fundi akafungua chujio. Dizeli iliyokaa siku nyingi ilikuwa imeacha tope zito, jeusi.

Muuguzi alikuja mbio, glavu zimelowa damu. "Daktari anashona kwa tochi ya simu! Damu haikatiki na mashine ya kuifyonza imezima. Fundi, jamani!"

"Nipe dakika kumi, dada."

"Mama wa watu hana dakika kumi!"

Mwalimu alishika ukuta, mkono ukaangukia daftari lililoning'inizwa kwa kamba. Akalifungua. *Jumatatu, saa nne, imewashwa nusu saa.* Kila wiki hivyo hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, kisha basi. Mstari wa mwisho ulikuwa wa miezi saba iliyopita.

"Miezi saba hujaigusa!" Alimkaba fundi kola. "Unakula mshahara wa bure! Mke wangu akifa, mimi na wewe!"

Fundi hakujitoa. Aliendelea kufuta chujio, machozi yakimtiririka waziwazi.

"Mashine isipowashwa inaoza, ndugu yangu. Nililisema hilo mpaka nikachoka. Mkuu wa hospitali akanikataza."

"Alikukatazaje?"

"Aliletewa barua, ipo hapo nyuma ya daftari. Isome, uniache nifanye kazi."

Mwalimu aligeuza daftari. Barua ilikuwa imebanwa kwenye jalada, wino mwekundu, herufi za mviringo zilizopangwa kama za ubaoni.

*Mimi ni jirani yenu wa nyuma ya ukuta. Mke wangu ana mimba changa, na moshi wenu wa kila Jumatatu unamtapisha. Mnawashaje jenereta wakati umeme upo?*