Mabati ya Yeabu

Mvua ya Agosti hapa Makeni haibishi hodi. Paa lilipoanza kuvuja, mke wangu Yeabu aliruka, nikadhani anakimbilia godoro.

Alikimbilia kamera. Akavua kilemba chake, akaiviringisha humo, akaikumbatia na kuinama juu yake. Maji yakamdondokea shingoni, yakateremka mgongoni.

"Baba watoto, lete ndoo! Kitu cha watu hiki, kikiharibika tutaponea wapi?"

Nilikuwa nimemwambia nimeiazima kwa rafiki yangu wa Freetown. Nilimwambia pia kwamba mabati tuliyoagiza hayajafika dukani. Miaka mitatu alikaanga mihogo barabarani kwa ajili ya mabati hayo, na pesa zote akanikabidhi mimi. Nilizinunulia kamera.

"Hivi mwenye duka anasemaje?" aliuliza, huku akipangusa lenzi kwa pembe kavu ya kile kilemba, taratibu, asije akaikwaruza. "Mabati yanakuja lini?"

Kamera haikuwa na hata tone. Yeye alikuwa akitetemeka kwa baridi.

"Yeabu," nikasema, "hiyo kamera si ya watu."

Mkono wake ukasimama juu ya lenzi.