Simu Inayoshika Jikoni

Ndani haishiki. Barazani haishiki. Simu mpya aliyonunuliwa mume wangu na Yusra, binti yetu anayefanya kazi hotelini Kendwa, inashika mtandao jikoni tu, tena ukikaa pale kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

Miaka thelathini hajawahi kukaa jikoni kwangu. Sasa yuko juu ya mbuzi, magoti yamemfika kidevuni, anangoja mwanawe apige.

“Kesho nnairudisha dukani,” akasema. “Mimi mwanamme wa kukaa jikoni?”

“Irudishe,” nikamjibu. “Ila madhali ushakaa, nikunie nazi.”

Nilikuwa namtania. Akanitazama, akaiegemeza simu kwenye chungu, akashika kizio cha nazi kwa mikono miwili na kuanza kukuna polepole, kama anayeogopa kuiumiza ile nazi.

Yusra akapiga kwa video. Alipomwona baba yake, chembe nyeupe za nazi zimemganda ndevuni, akasogeza uso karibu na kioo.

“Baba, simu umeipenda?”

Mimi nikainama, nikajifanya nachochea moto.

“Inashika vizuri,” akasema. Kisha akaninyooshea kifuu kitupu. “Lete nyengine.”